Nyaraka za Arusha na Hesabu ya Kudumu kwa Nakala

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya kuwahukumu walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwaka uliofuata Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, baada ya kuwashitaki watu 93. Iliacha maandishi, kanda za sauti na za picha, na mafaili ya kompyuta, yote chini ya ulinzi wa chombo kilichoirithi, ambacho tangu 2016 kina makao yake Lakilaki, nje ya mji, mbele ya Mlima Meru.

Neno nakala limetokana na Kiarabu, na asili yake ina maana ya kuhamisha. Asili hiyo yafaa kukumbukwa, kwani nakala isiyohama haiongezi usalama mwingi. Na ichukuliwe kwamba uwezekano wa faili kupotea katika ghala moja kwa mwaka ni 1 katika 100. Zikiwapo nakala mbili, uwezekano wa kupotea zote katika mwaka huo ni 1 katika 10,000. Zikiwa tatu, 1 katika 1,000,000. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli pale tu ambapo msiba wa ghala moja hauligusi la pili. Nakala tatu chini ya paa moja huungua kwa moto mmoja. Na Meru wenyewe ni volkeno, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Tena kuna uharibifu wa kimya: faili huoza ndani ya sahani ya kompyuta pasipo mtu kujua, mpaka siku ya kulifungua. Kwa hiyo nakala isiyokaguliwa isihesabiwe kuwa nakala kamili.

Azimio namba 1966 la mwaka 2010 liliagiza nyaraka zikae pamoja na tawi la Arusha, na likaruhusu nakala za zile za wazi zipatikane katika vituo vya habari vya Rwanda. Hapo ndipo penye uzito. Hukumu iliyokwisha kutangazwa yaweza kuenea duniani kote. Bali ushahidi wa mtu aliyefichwa jina ili asiuawe hauwezi kutawanywa hivyo. Kwa hesabu, basi, faili lenye thamani kubwa kuliko yote ndilo lenye mahali pachache pa kukaa.

Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha njia ya kuligawa neno la siri katika vipande, hata kipande kimoja peke yake kisieleze lolote. Vikiwa vitano katika miji mitano, na vitatu vyovyote vikitosha kulirudisha, uwezekano wa kulipoteza kwa kipimo kile kile ni kama 1 katika 100,000, nao ni mdogo kuliko wa nakala mbili kamili. Mwizi naye hana budi kuvunja maghala matatu, ambapo kwa nakala kamili lingemtosha moja. Njia hii haiondoi kazi ya ukaguzi: kipande kilichopotea kisipotengenezwa upesi, vinne vilivyobaki havina tena uwezekano ule.