Kikombe Kilichooshwa



Wapendwa waumini, katika kila Misa tunasikia neno "kikombe" likitamkwa altareni, ilhali chombo chenyewe sakristia tunakiita kalisi. Neno la kwanza ni la nyumbani kwetu, ndilo la chai ya asubuhi. La pili lilitufikia pamoja na Kilatini cha Kanisa. Juma hili nawaalika tuwatazame Waslavi, yaani Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Wabulgaria na ndugu zao wa Ulaya, ambao nao wanayo historia ndefu ya kikombe.

Waslavi walitengana karne nyingi zilizopita, lakini neno moja la chombo cha kunywea limebaki kwao karibu wote, nalo hutamkwa chasha. Mserbia, Mkroatia au Mbulgaria akiagiza chasha ya maji ataletewa bilauri. Kwa Mrusi chasha ni kombe kubwa la heshima, na kikombe cha chai ni udogo wake, chashka, kama sisi tulivyopata kikombe kutoka kombe. Kwa Mcheki neno limegeuka kuwa chishe, kombe la karamu, na mhudumu wa mkahawani ni chishnik. Mslovakia humwita chashnik. Zamani jina hilo lilikuwa la mnyweshaji wa mtawala, kazi ileile aliyoifanya Nehemia katika jumba la mfalme wa Uajemi. Kwa Mpolandi, chasha ni kitu kilichobinuka mfano wa bakuli, na chashka ni fuvu la kichwa. Tusishangae, kwani wazee wetu nao waliuita mfupa bapa wa bega kombe la mkono.

Hata hivyo, kati ya kikombe na fuvu upo uhusiano mwingine, wa kutisha. Mwaka 811 Kaisari Nikeforo I wa Konstantinopoli aliivamia nchi ya Wabulgaria na kuuteketeza mji wao mkuu, Pliska. Alipokuwa akirudi, mtawala wao Krum alimzingira milimani, akamwua Julai 26. Mwandishi wa wakati ule, Teofane, anasimulia kwamba Krum alilipamba fuvu la Kaisari kwa fedha akalifanya kikombe, akawanywesha humo wakuu wa Waslavi huku akijigamba. Mwaka 972 yakampata hayo Svyatoslav, mtawala wa Kiev. Mama yake, Olga, alikuwa amebatizwa akamsihi naye abatizwe. Yeye akakataa, akihofu kuchekwa na askari wake. Wapechenegi walimvizia kwenye maporomoko ya mto Dnieper, na mkuu wao akalifanya fuvu lake kuwa kikombe. Mwandishi wa kumbukumbu za Kiev anakiita kikombe hicho chasha.

Kati ya matukio hayo mawili Mungu alikuwa akitenda kazi nyingine. Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Tesalonike, Watakatifu Sirili na Metodi, walifika Moravia kwa ombi la mtawala Rastislav. Sirili aliwatungia Waslavi alfabeti, na pamoja na nduguye akaanza kutafsiri Injili. Katika tafsiri hiyo ya kale, pale ambapo Kigiriki kinataja kikombe cha Bwana, tunakuta chasha. Hawakuona haya kulichukua neno la ulevi na majigambo na kulikabidhi kwa Mwokozi.

Wapo waliochukizwa. Huko Venezia makleri walimkabili Sirili wakidai kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Yeye aliwajibu kwa maneno ya Mtume Paulo kuhusu kusema lugha inayoeleweka na wasikilizaji. Roma, Papa Adriano II alivipokea na kuvibariki vitabu vya Kislavi. Sirili alifariki hukohuko Februari 14, 869. Metodi alifungwa na maaskofu wa Bavaria kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Papa Yohane VIII alipodai aachiliwe mwaka 873. Alipofariki mwaka 885, wanafunzi wake walifukuzwa Moravia. Waliokimbilia Bulgaria walipokewa na Boris, mtawala wa ukoo wa Krum, aliyekuwa amekwisha kubatizwa. Naye Vladimir, mwana wa Svyatoslav, alibatizwa mwaka 988. Hivyo chasha ikaingia ibadani katika nchi zilezile za mafuvu yaliyopambwa.

Kwa Waslavi walioshika liturujia ya Kilatini, calix iliwapa majina ya chombo cha altare: kielich kwa Wapolandi, kalich kwa Wacheki, kalež kwa Wakroatia. Lakini Mkroatia akisoma habari za Gethsemani bado anakutana na chasha, bilauri yake ya kila siku. Yu kama sisi: kalisi altareni, kikombe katika Injili.

Ndugu zangu, naona humu fundisho kwa ajili yetu. Krum alikunywa ili adui yake abaki chini milele. Bwana wetu alikipokea kikombe kwa ajili ya adui zake, na alikimaliza Golgota, mahali paitwapo Fuvu la Kichwa. Katika Injili ya Kipolandi neno hapo ni lilelile, chashka. Tunaweza kuijongea meza ya Bwana huku rohoni tumeshika kikombe cha Krum: ugomvi wa mpaka wa shamba, urithi uliotutenga na ndugu, aibu ya jirani tunayoisimulia kila tuketipo. Fuvu lililopambwa kwa fedha hubaki fuvu.

Neno chasha halikutupwa. Lilioshwa, likapewa kinywaji kingine. Na moyo wa mwanadamu huponywa vivyo hivyo. Kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja amtafute yule ambaye bado anamnywea kwa majigambo, amwendee, wapatane.

Watakatifu Sirili na Metodi, mtuombee.