Hariri, Historia, Majadiliano: Nyayo za Wiki na Blogu katika Ufundishaji wa Kiswahili

Maandishi mengi kuhusu teknolojia ya elimu huzijadili wiki na blogu kana kwamba zilizuka bila wazazi. Makala hii inashikilia kwamba nasaba yao ni ndefu, na kwamba anayeipuuza huishia kupima kisichostahili kupimwa. Mwaka 1888 shule ya Kiungani, Unguja, iliyokuwa chini ya misheni ya UMCA, ilianza kutoa jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Humo walimu waliosomea hapo waliandika habari za vituo walikopelekwa. Nchini Ufaransa, Célestin Freinet aliingiza mtambo mdogo wa kuchapia katika darasa lake la Bar-sur-Loup mwaka 1924, na wanafunzi wake wakabadilishana maandishi na wenzao wa Trégunc. Katika visa vyote viwili mwanafunzi hakumwandikia mwalimu peke yake; alijua kwamba yupo msomaji wa mbali asiyemfahamu. Blogu ya darasa ni kitukuu wa mitambo hiyo. Hata jina "gazeti tando", lililotumiwa na wanablogu wa mwanzo wa Kiswahili katika enzi ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha, liliutambua ukoo huo kabla "blogu" halijalishinda.

Wiki ni jambo jingine. Ward Cunningham alipozindua WikiWikiWeb tarehe 25 Machi 1995, hakuwa na darasa akilini. Alitaka waandishi wa programu wabadilishane maarifa. Jina alilitoa katika neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka", alilokutana nalo katika basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Katika Kiswahili neno hilo limegongana na "wiki" tuliyoikopa kutoka Kiingereza, inayoshindana na "juma". Kwa kuwa zote mbili zimeangukia ngeli ya I-ZI, mwanafunzi anayeambiwa "andika katika wiki hii" ana haki ya kuuliza anaambiwa nini.

Thamani ya wiki kwa mwalimu wa lugha imo katika sehemu ambazo msomaji wa kawaida hazifungui: historia ya ukurasa na majadiliano yake. Historia huhifadhi kila toleo, hivyo mwalimu huona nani aliongeza aya, nani alirekebisha upatanisho wa kisarufi, na nani hakufanya lolote. Katika majadiliano, aliyebadili "kompyuta" kuwa "tarakilishi" hulazimika kujitetea. Mabishano ya usanifishaji, ambayo tangu 1930 yaliendeshwa na kamati ya wachache, hapo huwa kazi ya darasa.

Je, yametumiwa hivyo? Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, kampuni ya Google iliandaa shindano la kuiandikia makala, likilenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kwa zawadi. Makala zikaongezeka kwa mamia. Lakini kilichoshindaniwa kilikuwa makala, nacho hupatikana hata kwa tafsiri ya pupa; zawadi zilipokwisha, washiriki wengi hawakurudi. Sioni sababu ya kuwalaumu wanafunzi hao. Walifanya walichoombwa.

Tulinganishe na kozi ya fasihi ya Amerika ya Kilatini iliyofundishwa na Jon Beasley-Murray katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwaka 2008. Wanafunzi wake waliandika makala chache za Wikipedia ya Kiingereza kuhusu riwaya na waandishi, huku lengo likiwa kuzifikisha kwenye daraja za juu za ubora. Wahariri wasiowajua walizikagua, wakadai vyanzo, wakakataa sentensi zisizo na ushahidi. Makala tatu zilifikia daraja la juu kabisa, mojawapo ikiwa ile ya riwaya El Señor Presidente. Kilichowafundisha ni kurudishiwa kazi mara kwa mara. Ni kweli kwamba Wikipedia ya Kiingereza ina jeshi la wahariri, na ya Kiswahili ina kikosi kidogo. Kwa hiyo kwetu kazi ya kukataa na kurudisha huwaangukia wahadhiri wenyewe, ambao ratiba zao hazihesabu uhariri kuwa ufundishaji.

Blogu ilikumbana na kikwazo cha aina nyingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Fasili ya blogu ilikuwa pana kiasi cha kumfanya mwalimu ajiulize kama insha za kidato cha tatu zimo. Kanuni hizo zilifutwa na kuwekwa nyingine mwaka 2020, nazo pia zikabakiza leseni. Wiki iliyofungiwa ndani ya mfumo wa chuo humwepusha mwalimu na maswali hayo, ila wasomaji wake ni wale wale waliokwisha kuzisikia hoja hizo darasani.