Msimbo wa QR madukani

Msimbo wa QR ni mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Miraba mikubwa katika pembe tatu huiongoza kamera.

Nchini Kenya, wenye maduka huutumia hasa kupokea malipo. Mteja huskani msimbo uliobandikwa kaunta badala ya kuandika nambari ya malipo ya duka (till), kisha huweka kiasi na PIN. Mwenye simu ya kabambe, yaani simu ya kawaida isiyoweza kuskani, huandika nambari yenyewe. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango cha pamoja cha misimbo ya malipo, KE-QR.

Msimbo huu hutumika pia kwenye risiti. Kwa mfano, Funyula, mji wa Samia katika Kaunti ya Busia, uko karibu na mpaka wa Uganda. Pande zote mbili za mpaka, risiti za kodi hubeba msimbo huu: zile za mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) na za mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Mnunuzi akiuskani huthibitisha kwamba risiti ni halali.