Askari na Hewa ya Mlimani

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na kuweka mwenge juu ya Kibo, futi 19,340 juu ya bahari. Alipanda kwa miguu, akashuka salama. Mwaka uliofuata, mnamo Oktoba na Novemba 1962, askari wa India walipelekwa upesi milimani kupigana na Wachina. Wengi walitoka nchi tambarare zenye joto, wakafikishwa mahali palipozidi futi 11,000. Baadhi yao walikufa bila kuguswa na risasi. Waliuawa na nini?

Sisi tukaao Shinyanga, na wenzetu wa machimbo ya dhahabu ya Geita, tu karibu futi 4,000 juu ya bahari, wala hatuoni taabu. Mchimbaji huogopa hewa mbaya iliyofungwa shimoni. Askari wa mlimani huvuta hewa safi kabisa, ila ni haba. Juu ya Kibo pumzi moja ina kama nusu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi ya Pwani.

Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini wataka siku. Askari aliyepandishwa kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Akizidi kupanda, maji huvuja ndani ya mapafu yake, akakohoa povu lenye damu, akazama hali yu juu ya jabali kavu. Zamani madaktari walidhani ni kichomi. Mwingine huvimba ubongo, akayumba kama mlevi, kisha akalala asiamke. Daktari Inder Singh na wenzake waliandika mwaka 1969 habari za askari 1,925 walioshikwa na maradhi ya mlimani.

Nguvu za ujana si kinga. Twaona kwamba kijana hodari ndiye aliye hatarini zaidi, maana huona haya kusema kichwa chamwuma, na amri yamkataza kurudi nyuma. Dawa kubwa ni kushuka, na kushuka mapema.

Katika barafu ya Siachen, ambako majeshi ya India na Pakistan yamekabiliana tangu 1984, baridi, theluji na uhaba wa hewa vimeua askari wengi kuliko bunduki. Siku hizi askari wa India hukaa siku 6 kati ya futi 9,000 na 12,000, kisha siku 4 juu kidogo, kisha siku 4 tena, ndipo apelekwe kileleni.