Kutoka Kijisanduku cha Tembe Hadi "Mambo?": Historia Fupi ya Kukumbushana Dawa

Leo tuweke kando misimbo na seva tuzungumze historia kidogo. Tatizo lenyewe linaonekana dogo lakini huua watu. Mzee yuko nyumbani, dawa ziko mezani, na hakuna wa kumkumbusha.

Msidhani ni tatizo la juzi. Katika maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu anaonywa awe macho kwa sababu wagonjwa hudanganya kuhusu dawa walizopewa. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye tungali palepale, ila sasa tuna rununu.

Nikiitazama historia hii kwa jicho la mwandishi wa programu, naona kila kifaa kilichowahi kubuniwa kinajaribu kujibu swali moja kati ya matatu. La kwanza: saa imefika? La pili: nimeshameza? La tatu: uko sawa? Wengi wetu tukiambiwa tutengeneze programu ya kumkumbusha mzee dawa, tunakimbilia lile la kwanza. Tunaweka kengele ilie, basi kazi imekwisha. Lakini mzee anayesahau hasahau saa tu. Husahau pia kwamba alishameza, akameza tena. Kwa dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu, kosa hilo la pili laweza kuwa baya kuliko la kwanza, na kengele haina msaada wowote hapo.

Swali la pili lilipata jibu zuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, tena halikutoka kwa daktari. David Wagner alikuwa mhandisi huko Geneva, Illinois, Marekani. Mkewe Doris alikuwa ameanza kutumia tembe za kupanga uzazi, na kila mara wakawa wanaulizana kama ya leo imeshamezwa. Wagner alichukua karatasi, akaandika siku za wiki, akaweka tembe moja juu ya kila siku. Tembe ikiwa haipo, imemezwa. Mpango ulikwenda vizuri mpaka siku karatasi ilipoanguka na tembe zikatawanyika sakafuni. Akachukua keekee ya umeme, vipande vya plastiki na gundi ya utepe, akaunda kijisanduku cha duara chenye siku za wiki. Alipata hataza mwaka 1964. Vijisanduku vya siku saba ambavyo wazee wetu huletewa na watoto walioko ng'ambo vinatumia fikra ileile: tundu tupu ndilo kumbukumbu. Hakihitaji betri, chaji wala intaneti.

Mwaka 1962, daktari Thomas Moulding naye alipendekeza kifaa cha kutolea dawa za kifua kikuu ambacho kingejiwekea rekodi. Ndani kulikuwa na kitu chenye mionzi na filamu ya picha, ili baadaye ijulikane tembe zilitolewa lini. Fikiria: mionzi, ili kujua tu kama mtu amemeza dawa! Miaka ya 1980 zikaja chupa ambazo kifuniko chake kina saketi ndogo inayoandika kila mara chupa inapofunguliwa.

Vifuniko hivyo vilitupa takwimu moja ambayo kila msanidi wa programu za afya angeibandika ukutani. Mwaka 1989 Joyce Cramer na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 26 wa kifafa. Waliopaswa kumeza mara moja kwa siku walifuata maagizo kwa asilimia 87. Mara mbili, 81. Mara tatu, 77. Mara nne? Asilimia 39! Watu hawakuwa wavivu, ila mzigo wa kukumbuka ulizidi uwezo. Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, muulize daktari wa mzee wako kama dawa zake zaweza kupangwa kwa nyakati chache zaidi. Muulize yeye, usipange mwenyewe.

Sasa tuje nyumbani, maana sura muhimu ya historia hii iliandikwa Kenya.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, miaka ileile M-Pesa ilipoanza kushika kasi, watafiti waliandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mradi uliitwa WelTel. Nusu yao hivi, watu 273, walipelekewa arafa moja kwa wiki yenye neno moja tu: "Mambo?" Haikutaja dawa wala ugonjwa, hivyo hata jirani akichungulia simu hakuna siri iliyovuja. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa 168 kati ya 273, dhidi ya 132 kati ya 265 ambao hawakupata arafa. Virusi navyo vilidhibitiwa kwa watu wengi zaidi katika kundi la "Mambo?"

Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine, wa Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, uliopima kwa vifuniko vile vyenye saketi. Arafa za kila wiki zilisaidia. Za kila siku hazikuonyesha faida! Kwa maoni yangu, kinacholia kila siku hugeuka kelele, kama saa ya ukutani ambayo huisikii tena.

Wenzangu wa mitandao watanielewa nikisema kengele ni UDP: unatupa ujumbe, hujui kama umefika. "Mambo?" ni TCP: jibu lisiporudi, kuna mtu anashughulika. Tofauti haikuwa ubora wa teknolojia, maana arafa ilikuwa na umri wa miaka 15 tayari. Tofauti ilikuwa binadamu upande wa pili.

Walioruka hatua hiyo waliona. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tembe yenye kihisio ndani yake, inayotoa ishara ikifika tumboni. Mwaka 2020 kampuni iliyounda kihisio hicho, Proteus, iliomba ulinzi wa mufilisi.

Nyanya yangu ana miaka 81, presha na kisukari, na simu ya mulika mwizi. Bahasha zake za dawa zimeandikwa "1x3" kwa kalamu, naye hajui kama ni moja mara tatu au tatu mara moja. Simu ikiandika 8:00, kwake hiyo ni saa mbili. Kwa hiyo mpango wetu hautumii tarakimu kabisa. Dawa ya asubuhi inafungamana na chai, ya usiku na taarifa ya habari redioni. Kijisanduku kinajibu "nimeshameza?" Akishameza, anamflashi binamu yangu. Flashi haina gharama, haihitaji kusoma, na ni jibu tosha. Isipofika, binamu anapiga simu. Wala hasemi "Mambo?", maana ukimsalimu nyanya hivyo utajuta. Anasema, "Shikamoo nyanya, umeamkaje?" na hapo ndipo tulipogundua kwamba wiki moja alikuwa anaruka tembe kwa sababu zilimtia kizunguzungu. Tukampeleka kliniki, daktari akambadilishia. Hakuna kengele ingetuambia hilo.

Wale mnaotaka kuandika programu ya aina hii, andikeni, nami nitafurahi kuijaribu. Ila mwanzo kabisa amueni nani atapiga simu jibu lisiporudi.