Sengu
Sengu ilikuwa mfumo wa Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, Tanzania, wa kula na kushauriana pamoja ndani ya ukoo. Kaya zilipika kila moja kwake, kisha zikapeleka chakula kwa mzee wa ukoo, kikaliwa kwa pamoja. Kaya iliyovuna vibaya ilipata riziki bila kuomba, na hapo ndipo ulipo uzito wa sengu: msaada ulitolewa bila kumtenga mhitaji.

Chakula hicho kilitoka kwenye ntambo, eneo la mlima lililo kati ya vijito viwili, lililolimwa kwa ngoro. Nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi hizo. Mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua yasikokote udongo mteremkoni. Maharage hupandwa kwanza, mahindi msimu unaofuata.

Kilimo cha kahawa, kilichoenea tangu miaka ya 1920, kiliipa kila kaya fedha zake, na uhaba wa ardhi ukatawanya koo. Mlo wa pamoja ukafifia. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilifufua jina la sengu kijijini Kindimba, ambako kamati ya sengu ilisimamia mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji.

Baada ya mlo wa ukoo kufifia, kaya maskini za Mbinga zimepata msaada kwa njia nyingine: ruzuku za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali.