Wana wa Noe na Hesabu ya Paroisi

Kila mwaka tunaandika hesabu ya wakristu wetu. Lakini kusoma maongezeko ya hesabu hiyo ni elimu yenye historia yake.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa. Mwaka 1614 Rituale ya Papa Paulo V ilieleza namna ya kuandika pia ubatizo, vifo, na hali ya waamini nyumba kwa nyumba. Mwaka ule ule Mskoti John Napier alitangaza logaritmu zake. Mwaka 1741 Süssmilch, mchungaji wa Kiprotestanti, alitumia vitabu vya makanisa ili kupima namna watu wanavyozaliwa na kufa.

Mwaka 1748 Leonhard Euler aliuliza hivi: ikiwa baada ya gharika walikuwapo watu 6, na baada ya miaka 200 wakawa milioni moja, waliongezeka kwa kadiri gani kila mwaka? Tukigawanya tu kwa miaka, tunapata watu 5.000 kwa mwaka. Basi watu 6 wangezaa watu 5.000 katika mwaka wa kwanza! Haiwezekani, maana watoto nao wanazaa. Kwa logaritmu Euler alipata jibu: karibu sehemu moja ya 16, maana yake 6 kwa mia na zaidi kidogo.

Tutazame nchi yetu. Mwaka 1970 walihesabiwa watu karibu milioni 21,6. Mwaka 1984, milioni 30,7. Kwa miaka 14 wameongezeka 42 kwa mia. Anayegawanya 42 kwa 14 anasema: 3 kwa mia kila mwaka. Lakini kwa kadiri hiyo, mwaka 1984 wangekuwa karibu milioni 32,7. Kadiri ya kweli ni 2,5 kwa mia.

Hesabu hii inatuhusu sisi wachungaji. Tuseme paroisi moja ina wakristu 2.000, nayo inapata 100 zaidi katika mwaka. Nyingine ina 20.000, inapata 400. Wengi wataisifu ya pili. Walakini ya kwanza imeongezeka 5 kwa mia, ya pili 2 tu. Ikiwa watu wa pale wanaongezeka 2,5 kwa mia, paroisi hii kubwa inabaki nyuma: labda hata watoto wa wakristu wake hawafiki wote kwenye ubatizo. Huko ndiko katekista anahitajiwa upesi.

Kwa hiyo, kando ya jumla ya wakristu, tuandike kadiri ya maongezeko yao, na kando yake kadiri ya watu wote wa mahali. Daudi alihesabu watu wake, akaadhibiwa. Mchungaji wa Injili alijua hesabu ya kondoo zake, ndiyo maana akaenda kumtafuta yule mmoja aliyepotea.